Siku Saba za Uhura

Alhamisi tarehe 8 Septemba 1966, saa mbili unusu usiku, Wamarekani waliofungulia NBC waliletewa tamthilia mpya iitwayo Star Trek. Kabla saa moja haijaisha, walikuwa wamesikia Kiswahili. Katika sehemu hiyo kuna kiumbe kinachonyonya chumvi mwilini mwa watu, na kina uwezo wa kujigeuza kuwa mtu unayemtamani moyoni. Kinapokutana na Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani cha Enterprise, kinajigeuza kuwa kijana Mweusi mtanashati, kisha kinamsemesha kwa Kiswahili. Uhura naye anajibu. Lafudhi yao ni ya mbali sana, na sisi tulirudisha nyuma mara tatu ndipo tukanasa maneno, lakini Kiswahili ni Kiswahili. Mwindaji amejua chambo cha kumtegea mwanamke huyu: lugha ya kwao.

Nasema "sisi" kwa sababu hii kitu sikuitazama peke yangu. Tulikuwa watu watano, projekta ya kuazima na ukuta mweupe, na mpango wa kumaliza misimu yote mitatu kwa mkupuo. Kila sehemu huchukua kama dakika 50. Ziko 79. Piga hesabu, ni karibu saa 66. NBC ilizigawa kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969, sehemu moja kwa wiki, na likizo katikati. Sisi tulitaka kuzila kwa wiki mbili za mikesha.

Kizazi chetu hakioni ajabu hapo. Tangu Netflix ilipoachilia msimu mzima wa House of Cards siku moja, tarehe 1 Februari 2013, kungoja wiki nzima ili uone kitakachofuata kumekuwa kama kungoja barua ya posta. Lakini tamthilia ya zamani haikupikwa kwa ajili ya mlaji wa aina yetu. Wiki ile iliyokaa kati ya sehemu moja na nyingine ilikuwa na kazi yake, na ukiiondoa, unaona mambo ambayo mtazamaji wa 1967 hakuyaona. Pia unapoteza mambo aliyokuwa nayo yeye. Mtu aliyenifunza yote mawili ni Uhura.

Tuanze na jinsi kitu chenyewe kilivyojengwa. Siku hizo kituo cha televisheni kilitaka sehemu zinazojitegemea. Mtu akikosa Alhamisi moja, Alhamisi inayofuata asijione mgeni. Kwa hiyo kila sehemu ilifunga hesabu zake zote: mgonjwa anapona, adui anashindwa, Kapteni Kirk anarudi kitini pake, na safari inaendelea. Wiki ijayo hakuna anayekumbuka. Na kwa kuwa hakuna anayekumbuka, kituo kingeweza kurusha sehemu kwa mpangilio wowote, na ndivyo kilivyofanya. Sehemu ya majaribio iliyoishawishi NBC kuinunua tamthilia ilirushwa ya tatu, ikiwa na daktari mwingine, na bila Uhura kabisa.

Ndiyo maana mashabiki wa Star Trek wamebishana miaka na miaka: utazame kwa mpangilio wa kurushwa au wa kurekodiwa? Hata sisi tulibishana usiku wa kwanza. Ukifuata mpangilio wa kurushwa, unaanza na Uhura aliyevaa nyekundu, katikati ya Oktoba anavaa rangi ya dhahabu, anarudi kwenye nyekundu, Novemba ni dhahabu tena, halafu nyekundu hadi mwisho. Si fasheni. Sehemu hizo mbili za dhahabu zilikuwa za kwanza kabisa kurekodiwa baada ya zile za majaribio, zikakawia kurushwa. Mtazamaji wa 1966 huenda hata hakutambua, maana kati ya gauni moja na jingine alikuwa ameenda kazini, kanisani, ameosha nguo zake mwenyewe. Isitoshe, nyumba nyingi bado zilikuwa na televisheni isiyo na rangi. Sisi tuliona usiku uleule, na mmoja wetu akacheka, "Kwani huyu dada ana kabati huko ndani?"

Kicheko hicho kilikuwa cha mapema. Kadiri tulivyoendelea, mambo yasiyochekesha yalianza kujipanga. Uhura anakaa pembeni mwa chumba cha usukani, kifaa sikioni, mgongo kwa Kapteni. Kazi yake ni kusema kwamba laini ya mawasiliano iko wazi. Anasema hivyo leo, kesho, keshokutwa. Ukitazama moja kwa wiki, hiyo ni kazi ya mtu. Ukitazama sita usiku mmoja, inakuwa kama ile sauti ya simu inayokuambia mteja hapatikani. Mara mbili tatu anapewa usukani mwenzake anapokosekana, naye anaushika vizuri bila makeke, halafu anarudishwa kwenye kiti chake. Katika sehemu 79 hakuna hata mara moja anayoachiwa chombo akiongoze. Heshima hiyo aliipata baadaye, Septemba 1973, katika Star Trek ya katuni. Na katika sehemu zote hizo 79 hatajwi jina la kwanza. Wewe fikiria kufanya kazi na mtu miaka mitatu, mmenusurika pamoja mara kumi, na hujui anaitwa nani.

Nichelle Nichols, mwigizaji wa Uhura, aliyaona hayo kabla yetu sote. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1994 alieleza jinsi mistari yake ilivyokuwa ikipunguzwa. Anafika na ukurasa wenye maneno, wakati wa kurekodi unakuta yamebaki machache. Mtazamaji wa wiki kwa wiki hakuwa na namna ya kuujua mtindo huo. Mtindo huonekana vitu vikiwekwa pamoja, na wakati huo karibu hakuna aliyekuwa na kinasa video nyumbani.

Basi tukafika msimu wa pili, sehemu iitwayo The Changeling, iliyorushwa Ijumaa tarehe 29 Septemba 1967. Ukikumbuka sehemu moja tu katika makala haya, ikumbuke hii.

Enterprise inaokota mashine ya uchunguzi inayoitwa Nomad, iliyotumwa kutoka Dunia zamani, ikagongwa na kuharibika akili. Sasa kazi yake ni kuangamiza kila kisicho kamili. Inamkuta Uhura akiimba kazini. Haielewi kuimba ni nini. Inamchungulia akili ili ipate jawabu, na kwa kufanya hivyo inafuta kila kitu alichokuwa akikijua. Inaambiwa huyo ni mwanamke, nayo inatoa uamuzi kwamba amejaa misukumo inayogongana. Dakika ileile fundi Scott, aliyejaribu kumwokoa, anauawa na mashine hiyo. Scott anakarabatiwa na kurudishwa hai kabla ya tangazo la biashara, ni kama simu iliyobadilishwa betri. Uhura haiwezi kumkarabati. Lazima afunzwe upya tangu mwanzo.

Kisha inakuja dakika moja ambayo ilinyamazisha chumba chetu. Uhura amekaa na Nesi Chapel, anasoma kitabu cha watoto cha Kiingereza, sentensi za mbwa na mpira, na anayakwama maneno. Anakereka. Kero inapompanda, kinachomtoka ni Kiswahili. Mashine imefuta elimu yake, kazi yake, marafiki zake, lakini kuna safu ya chini kabisa ambayo haikufika. Halafu somo linaendelea, kwa Kiingereza.

Sasa, mtazamaji wa Ohio huenda aliona kichekesho kidogo cha kupumzisha mambo. Kwa Mkenya hiyo picha ina historia nyingine. Katika shule nyingi za hapa, vizazi kwa vizazi, mtoto aliyeponyokwa na lugha ya nyumbani alivishwa diski shingoni, akazunguka nayo mpaka amnase mwenzake. Kwenye shule nyingine hata Kiswahili kilikuwa na siku zake, na ukikizungumza siku ya Kiingereza, shauri yako. Mwanamke mzima, afisa wa karne ya 23, ameketi na kitabu cha darasa la kwanza, na lugha ya kwao inachukuliwa kama sehemu ya ugonjwa ambao atapona. Sidhani mwandishi wa sehemu hiyo alikusudia hivyo. Lakini ndivyo ilivyotufikia.

Sehemu inakaribia kuisha. Dakta McCoy anamweleza Kapteni kwamba Uhura amefika kiwango cha chuo, na ndani ya wiki moja atakuwa amerudi kazini. Wanaume wanazungumza mengine, muziki unapigwa, kwisha.

Sisi tulikuwa tumeweka zijicheze zenyewe. Sekunde chache tu, na Mirror, Mirror ikaanza. Uhura yule aliyekuwa akihangaika na herufi sasa ni mzima, yuko na Kirk, McCoy na Scott katika ulimwengu pacha uliojaa ukatili, na wenzake wanamtegemea amvuruge akili Sulu mwovu ili asione taa inayowaka kwenye kibao chake. Anamkaribia, anamchezea, anamzaba kofi, anachomoa kisu, anaondoka zake. Ni moja ya sehemu bora alizopewa. Hakuna neno hata moja kuhusu yaliyompata.

Chumba kikalipuka. "Wasee, yaani hakuna hata pole?" Mwenzetu mmoja, msichana ambaye kazi yake ni kuhudumia wateja kwa simu, alikasirika kuliko wote. Kwake yeye ushahidi ulikuwa umekamilika. Uhura ni pambo. Wamemweka pale apendezeshe ukuta, hata akivunjwa akili hakuna anayejali, kesho arudi kwenye simu. Na busu maarufu la Novemba 1968, lile la Uhura na Kirk ambalo watu hulisifia kwamba liliwatikisa Wamarekani, si analazimishwa? Ni kweli. Katika hadithi, viumbe wenye nguvu za akili ndio wanaowasogeza wawili hao kama vikaragosi. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imebatilisha sheria za kukataza ndoa za watu wa rangi tofauti mwezi Juni 1967, mwaka mmoja na miezi mitano tu kabla ya busu hilo.

Hoja hiyo ina nguvu na sitaki kuipunguza. Lakini nilirudi kwenye tarehe. The Changeling ilirushwa 29 Septemba 1967. Mirror, Mirror ilirushwa 6 Oktoba 1967. Siku saba kamili. McCoy alisema ndani ya wiki moja, na kwa watu waliokaa mbele ya televisheni zao, wiki moja ndiyo iliyopita. Waliishi siku hizo saba na Uhura akiwa mahali fulani, anasoma. Kuna mtoto aliyelala Ijumaa hiyo akijiuliza kama dada wa redio atakumbuka kazi yake. Jumatatu akaenda shule akijiuliza. Ijumaa iliyofuata akamwona mzima. Wiki ile ndiyo iliyokuwa hospitali, na sisi ndio tuliomnyima Uhura likizo yake ya ugonjwa, kwa kuacha sehemu zijicheze zenyewe.

Mnaona ugumu wake. Pengo la siku saba lilificha kwamba tamthilia haikumbuki alichotendewa mwanamke huyu. Pengo hilohilo ndilo lililompa nafasi ya kupona, ndani ya vichwa vya watu.

Ili kuelewa ni kwa nini watu walikuwa tayari kumbebea kazi hiyo, tazama jina lake limetoka wapi. Nichols alisimulia mara nyingi kwamba alipoenda kufanyiwa usaili wa uigizaji, alikuwa amebeba kitabu. Kitabu chenyewe kiliitwa Uhuru, riwaya ya Robert Ruark iliyotoka 1962. Ruark alikuwa mwandishi na mwindaji wa Kimarekani aliyeipenda Kenya ya safari za bunduki. Riwaya yake ya awali, Something of Value ya 1955, iliihusu Mau Mau, na aliwatazama wapiganaji wetu kupitia macho ya masetla. Uhuru ilitoka wakati Kenya ilikuwa bado haijaupata huo uhuru. Bendera ilikuja kupandishwa 12 Desemba 1963. Kwa hiyo neno lililoimbwa na kulipiwa kwa damu hapa kwetu lilisafiri hadi California ndani ya kitabu kilicholiogopa, mikononi mwa mwanamke Mweusi kutoka Illinois. Gene Roddenberry, mbunifu wa Star Trek, akalipenda neno. Kwa simulizi ya Nichols, lilionekana kali kidogo kwa mwanamke, ndipo irabu ya mwisho ikalainishwa ikawa Uhura.

Hapo Mswahili lazima atabasamu. Hiyo a ya mwisho ya kumfanya mtu wa kike ni tabia ya lugha za Ulaya. Kwetu kinachofanya kazi ni u- ya mwanzo, ile ya upendo, ujinga na ukarimu, na haina habari na mwanamume wala mwanamke. Walilainisha mahali ambapo hapakuwa na ukali. Hata hivyo neno halikuvunjika. Ukilisikia unajua ni nini.

Na lilifika wakati wake. Mwaka 1966 Wamarekani Weusi wengi walikuwa wanaitafuta Afrika kwa majina, mavazi na lugha. Desemba ya mwaka huohuo, Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa huko California, sikukuu ambayo nguzo zake zote zina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Miezi isiyofika minne ilikuwa imepita tangu Uhura aongee Kiswahili kwenye NBC. Kitabu kilichotolewa 1968 kuhusu utengenezaji wa Star Trek kilimtaja Uhura kuwa raia wa Muungano wa Madola ya Afrika. Hebu liweke hilo kwenye kalenda. Kwame Nkrumah, mtu aliyeipigania ndoto ya Afrika moja kuliko wote, alipinduliwa Februari 1966. Mwezi Septemba mwaka uleule, katika studio ya Los Angeles, alikuwepo raia wa nchi ambayo Nkrumah hakuiona. Lakini habari hiyo ilibaki kitabuni. Ukutani kwetu, katika saa zote 66, hatukuisikia.

Basi mtazamaji wa wakati ule aliona nini, ikiwa mistari yenyewe ilikuwa michache hivyo? Aliona mtu yupo. Leo hilo linasikika dogo. Nichols alisimulia kwamba baada ya msimu wa kwanza alimpa Roddenberry barua ya kuacha kazi, maana moyo wake ulikuwa kwenye jukwaa la muziki. Wikendi hiyo alikutana na Martin Luther King katika hafla ya chama cha kutetea haki za watu Weusi. King akamwambia yeye ni shabiki, na kwamba yeye na mkewe Coretta huwaruhusu watoto wao wakeshe kuitazama Star Trek. Alipoambiwa kwamba Nichols anaondoka, alimsihi asithubutu. Uhura hakuwa mtumishi wa mtu, hakuwa kichekesho. Alikuwa afisa, ana cheo, na watu wa rangi zote wanamchukulia kuwa jambo la kawaida. Nichols akabaki. Naye Whoopi Goldberg amesimulia jinsi alivyokuwa mtoto New York, akapiga kelele kuwaita watu wa nyumbani waje waone mwanamke Mweusi kwenye televisheni ambaye si mjakazi.

King na Whoopi mdogo hawakutazama sehemu sita usiku mmoja. Walimpata Uhura mara moja kwa wiki, na kati ya hapo siku sita za televisheni ambayo karibu haikuwa na mtu kama yeye. Kipimo chao hakikuwa mistari mingapi. Kipimo chao kilikuwa: Je, wiki hii bado yupo? Yupo. Na wiki ijayo? Kwa kipimo hicho uwepo wake ulikuwa mzito. Kwa kipimo chetu cha mkesha, mistari inahesabika na aibu inaonekana. Rafiki yangu wa simu za wateja na Daktari King wanazungumzia mwanamke mmoja, ila mmoja amemtazama kwa siku 14, mwingine kwa miaka.

Mashabiki ndio waliojaa kwenye pengo hilo. Tamthilia haikuwa na kumbukumbu, wao wakawa kumbukumbu yake. Mwishoni mwa 1967, uvumi ulipoenea kwamba NBC itaikata, Bjo Trimble na mumewe John waliongoza kampeni ya barua. Barua zikamiminika, na tarehe 1 Machi 1968 kituo kikatangaza hewani kwamba tamthilia itaendelea. Shukrani yake ilikuwa chungu. Msimu wa tatu ulisukumwa hadi Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana wako nje, na sehemu ya mwisho ikarushwa 3 Juni 1969. Wiki saba baadaye binadamu akakanyaga Mwezi. Mwaka huohuo Trimble alitoa kamusi ya mashabiki iliyoorodhesha sehemu, watu na sayari, kazi iliyofanywa bila kinasa video, kwa masikio na madaftari.

Na hapa wale wanaodhani sisi ndio wa kwanza kutazama kwa mfululizo wasikie. Baada ya kufa NBC, Star Trek iliuzwa kwa vituo vidogo vya mijini, na vingi viliirusha kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Sehemu 79 kwa mwendo huo huisha katika wiki 16 hivi, kisha zinaanza upya. Watoto waliorudi kutoka shule miaka ya 1970 walizila mfululizo mpaka wakazikariri. Hapo ndipo Star Trek ilipokuwa kubwa. Mkutano wa mashabiki wa Januari 1972 jijini New York ulitarajia mamia, wakaja maelfu. Mwaka 1976, baada ya barua zao kumfikia Rais Ford, chombo cha kwanza cha majaribio cha mpango mpya wa NASA kilipewa jina Enterprise. Mwaka uliofuata Nichols alizunguka Marekani akiwahimiza wanawake na watu Weusi waombe kazi ya uanaanga.

Kundi lililochaguliwa 1978 lilikuwa na Sally Ride na Guion Bluford, Mmarekani Mwafrika wa kwanza kufika angani. Mae Jemison, aliyelelewa na Star Trek jijini Chicago na ambaye akiwa mwanafunzi wa udaktari aliwahi kuja kuhudumia wagonjwa hapa Kenya, alipaa Septemba 1992, mwanamke Mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Huko juu, alianza zamu zake kwa ule mstari wa Uhura, kwamba laini ya mawasiliano iko wazi. Mstari uleule uliotuchosha ukutani.

Hata jina la kwanza lilitoka mahali hapo. Mwaka 1982, William Rotsler, mchoraji aliyetoka miongoni mwa mashabiki wenyewe, aliandika kitabu cha wasifu wa wahusika na kumwita Uhura Nyota. Studio haikuwa na haraka. Mashabiki wakalitumia tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka filamu ya 2009 ilipolitamka, na hata humo Kirk anahangaika filamu nzima kutaka kulijua. Kutoka 1966 hadi 2009 ni miaka 43. Mwingereza akilisikia ni jina zuri tu. Wewe na mimi tunaelewa kwamba mtu ametazama juu.

Kwa hiyo ukiamua kuimaliza, imalize kwa mkesha kama sisi, maana kuna hesabu ambayo huwezi kuifanya bila kuweka sehemu zote pamoja, na Uhura anastahili ifanywe. Ila ukifika The Changeling, McCoy akishasema wiki moja, zima. Usiguse. Nenda kazini, panda matatu, osha vyombo, mbishane na wenzako kama atakumbuka Kiswahili chake. Siku ya saba ndipo ufungulie Mirror, Mirror, umwone akichomoa kile kisu.